Vigoda vya Kiwanda cha Biskuti

Benchi la mbele ya kibanda cha Kiraka, fundi viatu, lina wenyewe watatu, kahawa mkononi: Kiraka, Redio anayejua habari zote, na Kifungu, karani mstaafu aliyejipa ubingwa wa sheria bila kuombwa. Siku moja alikuja dada mmoja mjamzito, mfungaji biskuti kiwandani, ndara yake imekatika. Akamkabidhi Kiraka, akaeleza yaliyomkuta: bosi kaondoa vigoda vyote, eti vinaleta uvivu. Kutwa nzima wima, miguu imevimba, na anamhofia mtoto.

— Haki za binadamu hizo! Kifungu akadakia. Kazivunja!

— Haki zipi? Redio akauliza. Jana kahawa yako ilipopoa ulisema hayo hayo.

— Kahawa baridi ni udhalilishaji, bwana wee!

Kiraka akacheka mpaka sindano ikamchoma.

— Mimi najua haki ni kitu unacho kwa sababu wewe ni mtu, basi. Husubiri kupewa.

— Haya, kukaa kumeandikwa wapi? Redio akauliza.

— Kwenye goti! Kifungu akapayuka. Goti limeumbwa likunjwe. Aliyeondoa kigoda kapigana na maumbile. Apelekwe mahakama ya dunia!

— Shahidi nani?

— Magoti yenyewe! Yapande kizimbani mawili mawili!

— Na kuku je? Naye ana magoti.

— Ebo! Kuku ni binadamu?

— Samahani, kaka zangu, yule dada akasema kwa upole. Nimesimama hapa kwa mguu mmoja tangu mmeanza. Mbona hakuna aliyenipisha nikae?

Redio akachungulia kikombe chake. Kifungu akakohoa. Kiraka aliona aibu, aibu hasa, masikio yakawaka moto. Ndara ya watu anayo mapajani, wala hakumtazama mwenye ndara hata mara moja! Akainuka. Wenzake nao wakainuka.

— Kaa, dada yangu. Tuwie radhi.

Akaketi taratibu, akashusha pumzi ndefu, akatabasamu. Kiraka akamalizia mshono akiwa amesimama, akamrudishia ndara yake.

— Bosi wako anatoka saa ngapi?

— Saa kumi na moja.

— Basi pumzika kwanza. Kisha twende wote. Utasema wewe, maana miguu ni yako. Sisi leo ni zamu yetu ya kusimama.