Kitambaa Ambacho Dada Hakukiona Kizima

Ndugu, jamaa na marafiki, poleni na asanteni kwa kufika, mimi mdogo wake wa mwisho nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyepita karibu na meza yake ya kazi bila kuambiwa neno hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya duka la baba, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1988 akahitimu chuo cha ufundi.

Tarehe 3 Aprili 1989 aliajiriwa na makumbusho, idara ya kuhifadhi nguo, na huko alikutana na fundi umeme ambaye waligombana naye kutwa kuhusu taa, dada akisema mwanga mkali unakula rangi, fundi akisema gizani haioni hata bisibisi yake, ugomvi ulioishia kwenye ndoa tarehe 6 Julai 1991, wakajaliwa binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni dereva.

Mwaka 2013 alikabidhiwa kitambaa cha kale cha pamba, kilichofumwa kwa mkono, kirefu kuliko chumba alichofanyia kazi, tena kimechakaa hata ukikishika vibaya kinakubakia mkononi, akawa anakishikiza kwa sindano nyembamba juu ya kitambaa kipya cha kukibeba, akifungua kipande kimoja mezani huku sehemu iliyobaki imeviringishwa kwenye bomba, kwa hiyo kwa miaka yote tisa ya kazi ile hakuwahi kukiona kizima, na jambo hilo lilimkaa rohoni, akatusimulia buluu ya upande huu na wekundu wa upande ule kama mtu anayemzungumzia ndugu aliye mbali, mpaka tukamtania shemeji kwamba mkewe ana mchumba.

Alikimaliza mwaka 2022, lakini paa la chumba cha maonyesho lilikuwa linavuja, ufunguzi ukaahirishwa, naye na mumewe wakaahidiana kwamba siku hiyo ikifika watasimama mlangoni wawili, wakitazame pamoja.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na Mei mwaka huu, miguu ilipoanza kumgomea, wenzake wa kazini walikuja nyumbani kumwomba wamchukue, wamkunjulie kitambaa mara moja tu akione, dada akalia sana, kisha akakataa, akasema kila kukikunjua ni kuzivuta nyuzi, tukambembeleza, wengine tukamkasirikia, hakubadili neno. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, mumewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, majirani ambao hawakutuacha tukae na njaa, na wafanyakazi wenzake wa makumbusho, ambao wanawaalika nyote kwenye ufunguzi Jumamosi ya tarehe 22. Taa za chumba cha maonyesho amezifunga shemeji mwenyewe, hafifu kama mkewe alivyotaka, lakini ametuomba tuwaambie kwamba siku hiyo hatafika, kwa sababu pale mlangoni hawezi kusimama peke yake.

Dada, umeinama vya kutosha, pumzika sasa kwa amani.