Amana ya Kibokoni: Maisha ya Mwalimu Lennox Ngowa Kadenge (1974–2025)

"Nitazameni vizuri leo, maana Januari hamnioni! Naenda kufundisha watu wanaolipwa kwa kuruka, si nyinyi mnaoruka masomo!"

Maneno hayo aliyasema marehemu Mwalimu Lennox Ngowa Kadenge Jumamosi ya tarehe 6 Oktoba 2012, kipaza sauti mkononi, kombe la mpira wa kikapu la vyuo vya Pwani kwapani, mbele ya uwanja mzima na mbele ya mkewe, Mirriam. Klabu moja ya kulipwa ya Kigali ilikuwa imemwita. Januari ikafika. Zikafika na nyingine kumi na mbili baada yake, na kila moja ilimkuta uwanja ule ule, na filimbi ile ile mdomoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Kaloleni, Kilifi, mtoto wa tatu wa Mzee Kadenge Chonga, karani wa bandari ya Kilindini, na Mama Kache. Mamake husimulia kwamba alichelewa kuzaliwa hata mkunga akaenda zake kula. Tangu siku ile hakuna aliyeweza kumtoa mahali kabla hajataka mwenyewe.

Alimaliza shule ya msingi Kaloleni mwaka 1988, akaja kisiwani Mombasa kuishi na babake Tudor, akamaliza sekondari mwaka 1992. Huko ndiko urefu wake ulikopata kazi. Mwalimu wa hesabu alichoka kuwasikia walioketi nyuma wakilalamika kwamba hawaoni ubao, akamtoa darasani na kumpeleka uwanjani. Mwaka 1996 alipata diploma ya biashara. Aliimaliza, jambo ambalo hakuacha kuwakumbusha wengine katika familia hii kila Krismasi, sahani ya pilau mkononi.

Mwaka 1997 aliajiriwa na Chuo cha Biashara cha Bandarini kama mtunza stoo. Mipira ilikuwa stoo, naye hakuweza kuitazama ikikaa bure. Haukupita muda akawa kocha. Timu ya wasichana aliianzisha mwaka 2009 na wachezaji watatu, mmoja wao akiwa amekuja akidhani ni darasa la kompyuta.

Marehemu na Mirriam walifunga ndoa tarehe 18 Disemba 1999 kanisani Tudor, wakajaliwa Sidi na Kadenge. Mirriam alikuwa, na bado ni, karani katika ofisi ya uwakala wa forodha, mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha mizigo inaondoka. Mzigo mmoja tu ulimshinda.

Yote yalianzia mlangoni kwa Bi Mwanakuu, Kibokoni, mwaka 2011. Bintiye Nasiha alitaka kucheza, na mama hakutaka kusikia habari za kurudi nyumbani magharibi imeshaingia. Mwalimu akaenda mwenyewe kumwomba. Bi Mwanakuu alimpima kwa macho, na palikuwa na mengi ya kupima.

"Mwanangu ataka kuteza, haya, ateze. Lakini sikiza, mwalimu. Huyu nakupa amana. Wampokea hapa mlangoni, wanirejeshea hapa hapa mlangoni. Umefahamu?"

"Nimepokea, mama," akasema.

Mtu mwingine angelichukua neno lile kama adabu za Mji wa Kale, akaenda zake. Mwalimu Lennox, Mgiriama wa Kaloleni na mwimbaji wa kwaya, alilimeza zima. Aliamini kwamba amana ukishaipokea huiweki chini mpaka muda wake uishe, na muda wa Nasiha ulikuwa mpaka amalize diploma. Hakumuuliza mtu. Alikuwa mtu wa kuuliza refa, si wa kuuliza kitu kingine chochote.

Siku ya safari, Januari 2013, Mirriam alikuwa kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari na watoto, jamaa, na sanduku jipya la samawati. Mwalimu angetangulia Kigali, nao wangemfuata shule zikifungwa. Yeye alikuwa ameomba mazoezi ya mwisho, kisha amfikishe Nasiha kwao na kumwambia mamake kwamba anaondoka, aipokee amana yake kabla ya muda. Basi likapiga honi. Likapiga tena. Likaondoka. Marehemu alitokea akitembea kwa hatua zake ndefu, hana hata jasho, akamkuta mkewe amekalia sanduku.

"Lennox, basi limekwenda."

"Nimeliona."

"Umemuaga mamake Nasiha?"

"Nilikuwa naenda kumuaga. Nikamkuta na jirani yake."

"Na jirani ana nini?"

"Ana binti. Anaitwa Ummukulthum." Akashika mpini wa sanduku. "Nimepewa mwingine, Mirriam."

Na ikawa hivyo. Kabla Nasiha hajamaliza, Ummukulthum alikuwa mwaka wa pili. Kabla Ummukulthum hajamaliza, mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba yuko Mgiriama mrefu anayerudisha watoto. Kigali wakapiga tena simu 2016, wakapiga tena 2019. Kila mara Mirriam alishusha sanduku kabatini, akalipanguza vumbi, na kila mara palikuwa na amana iliyobakisha mwaka mmoja.

Watu hawakukosa la kusema. Barazani Makadara walisema anaogopa baridi. Walisema amerogwa. Wengine walisema ana mke wa pili Kibokoni. Hayo mawili ya kwanza Mirriam aliyavumilia, hilo la tatu alilifuata kwa miguu. Jioni moja alimwandama mumewe vichochoroni, akaona alichokiona: mwanamume mrefu mbele, filimbi shingoni, wasichana saba wa mabuibui nyuma yake, na mpira umebebwa, haudundwi, kwa heshima ya waliokuwa msikitini. Mlango ukifunguliwa, msichana anaingia, mama anasema "Shukran, mwalimu," na msafara unaendelea. Mirriam alirudi Tudor amekasirika zaidi. Angekuwa mke mwenza, angejua la kumfanya.

Mwaka 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu. Daktari alimwambia apumzike, akapumzika kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa uwanja. Mapema mwezi huu alipatwa na kiharusi, akalazwa hapa Mombasa. Jioni ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alimuuliza mkewe, "Nani atawarudisha kesho?"

"Wekesa," Mirriam akamjibu. Wekesa ndiye msaidizi wake.

"Wekesa hutembea mbio. Mwambie awangoje."

Hakusema tena. Aliaga dunia usiku huo, mkewe akiwa kando yake.

Siku ya tatu ya matanga Bi Mwanakuu alifika Tudor na kina mama wa Kibokoni, akaketi mkekani karibu na Mirriam, na katika mazungumzo akasikia kwa mara ya kwanza kwa nini marehemu hakwenda Kigali. Akashika mdomo.

"Kigali? Na hakwenda kwa sababu yetu? Mama Sidi, mbona hakunambia? Amana, aliyepewa akitaka kuirejesha, huirejesha. Angekuja akasema, 'Mama, nasafiri,' basi. Ningemwombea dua, na kaimati za njiani ningempikia."

Mirriam hakuwa amelia tangu Jumapili. Aligeuka kuitazama picha ya marehemu, hii hii iliyo mbele ya kitabu hiki cha ibada.

"Miaka yote hii, Lennox! Kuuliza tu!"

Hapo ndipo alipolia.

Wazee wa Kaloleni walikuwa wameshatayarisha mahali pa kumzika, lakini marehemu aliacha usia kwamba alazwe makaburini Mbaraki. Hata kifo hakikumtoa kisiwani.

Ameacha mjane, Mirriam. Watoto, Sidi na Kadenge. Mamake, Mama Kache. Ndugu na jamaa wa Kaloleni na Tudor. Wekesa, anayejifunza kutembea polepole. Na mabinti wa Kibokoni, ambao leo wamekuja wenyewe bila kuletwa na mtu. Mwalimu, amana zote zimefika kwao. Lala kwa amani hapo ulipotaka.

Mirriam ameomba lisemwe hili pia, wote walisikie kwa pamoja wasije wakamuuliza mmoja mmoja: baada ya arubaini, sanduku la samawati litasafiri kwenda Kigali kwa njia ya Nairobi, naye atakuwa nalo. Nauli ya basi kutoka Mwembe Tayari hadi Nairobi, kwenda tu, ni shilingi elfu moja na mia tano.