Pini ya Kofia Iliyomchoma Mchinjaji

Basi letu lilipopita ukumbi wa mnada wa ng'ombe, mzee aliyejitambulisha kwa jina la Tackett alimgeukia mwanamke aliyeketi kando yake. "Hapo ndipo mama yangu alipomchoma paja mwanamieleka aliyejiita Mchinjaji Brandt, kwa pini ndefu ya kofia yake, siku ya mieleka humo ukumbini. Mshenzi yule alimmwagia mchanga machoni mpinzani wake, kijana wetu wa hapa! Ukumbi mzima ulishangilia."

"Kidonda hicho nilikisafisha mimi," mwanamke akajibu. "Mchinjaji ni baba yangu."

Sisi tulifunzwa kwamba hapo mtu huomba radhi. Tackett hakuomba.

"Si yalikuwa maigizo, bibie? Mbona hakusema?"

"Aseme vipi? Kazi yake ilikuwa kuchukiwa. Aliyeigiza mwovu ulingoni alikatazwa kuchekeana na watu hata dukani. Shuleni walinitemea mate, naye akaniambia ninyamaze."

"Aliyataka mwenyewe! Namchukia mpaka leo."

Sauti zilikuwa zimepanda, na dereva alikuwa akitutazama kwenye kioo. Basi likasimama mbele ya hospitali. Mwanamke akainuka.

"Baba yumo humo, mzee, na hatoki tena. Humwuliza kila anayeingia kama watu wa hapa bado wanamchukia. Sisi humwambia wamekwisha kumsahau, tukidhani twamfariji, naye hulia. Wewe shuka ukamwambie ukweli."

Akateremka bila kugeuka. Tackett alishika mgongo wa kiti cha mbele, akajiinua nusu, akabaki hivyo.

"Kuna mwingine anayeshuka?" dereva akauliza.