Sababu ya Kuiacha Jineri

Sogeeni, wanangu. Sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya nitakayosema sitaki mtu ayasikie nusunusu kisha akajazia mwenyewe. Maduhu, wewe mkubwa, kaa hapa miguuni pangu. Kabula, mayu, mama yangu, pole kwa safari ya kutoka Zagayu, mkabidhi mtoto mwenzio nje uingie. Sayi, nenda kamwite baba yako mdogo Bujiku, asisimame uani kama mgeni; mwambie leo namhitaji yeye kuliko ninavyowahitaji ninyi wote. Na mama yenu asitoke. Esteria, kaa hapo hapo kwenye kigoda, upande wa kichwa changu, kila mtu aone ulipo.

Karibu, Bujiku. Kaa, mdogo wangu.

Nianze na mali, kwa sababu ni kidogo na itatuachia nafasi. Shamba la juu, la pamba, ni la Maduhu. Majaruba ya mpunga ni ya Sayi, ila mavuno ya kwanza baada yangu ale mama yake. Plau na maksai mtumie pamoja, na anayetangulia kulima asimrudishie mwenzake ng'ombe waliochoka. Kabula atachukua yule ng'ombe mwenye madoa pamoja na ndama wake, awapeleke kwake Zagayu, na asitokee mtu wa kusema kwamba binti aliyeolewa harithi kwa baba, maana nimetamka mimi mwenyewe nikiwa na akili zangu. Nyumba hii, na uwanja wake, na jiko, ni vya Esteria mpaka atakaponifuata. Hahamishwi, harithiwi asipotaka, wala haulizwi atakwenda lini kwao.

Hayo yamekwisha. Sasa nisikilizeni kwa lile lililonifanya niwaite.

Miaka hii yote mmejiuliza kwa nini niliacha kazi kabla ya wakati wangu, mtu mzima mwenye nguvu, huku wenzangu wakiishika kazi kwa meno. Maduhu, wewe uliuliza kwa mdomo. Ulirudi kutoka sekondari, ukaambiwa hutarudi tena, ukaniambia mbele ya mama yako, "Baba umeamua kupumzika, na mimi ndiye ninayechoka." Ukaenda kufyatua matofali Bariadi mjini, mikono ikakuota sugu, na kila nilipokusalimia ulinijibu kama mtu anayemjibu karani. Sikukulaumu hata siku moja. Wengine walisema nilifukuzwa kwa sababu ya marobota yaliyopotea. Wengine walisema nimeona mbele, nimejua jineri, kiwanda chetu cha kuchambua pamba, itakufa. Sikuona mbele. Mimi nilikuwa mtu wa kulisha mashine pamba, ningeonaje mbele katika vumbi lile lisilotulia?

Ulikuwa ule mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliruhusiwa. Mnaukumbuka: ghafla barabara zikajaa malori, kila kona mzani, na watu wa ushirika wakabaki wamekaa kwenye maghala wakiwasubiri wakulima ambao hawaji. Meneja akatukusanya uwanjani, mbele ya jineri, akasema chama cha ushirika hakiwezi kutubeba wote, kuna watakaopunguzwa, lakini kabla ya kupunguza, anayetaka kustaafu kwa hiari ajitokeze mwenyewe, aondoke na heshima yake.

Kisha Kasmiri, dereva, akasimama. Yeye sababu yake ilikuwa wazi, mnunuzi mmoja alikuwa amekwisha kumwonyesha Fuso jipya. Athanasi, fundi wetu, akasimama akainua mkono wenye vidole vilivyokatwa na mkanda wa mashine, akasema, "Hivi nimewapa bure. Vilivyobaki naenda navyo kulima." Anatoli, karani, alisema anataka kurudi Ipililo kumtunza baba yake, nasi tulijua ukweli ni kwamba hakuweza kuamrishwa na vijana waliokuja na kalamu zao mpya, lakini baba yake naye alikuwa mgonjwa kweli, kwa hiyo nani aseme alidanganya? Mtu anaweza kuwa na sababu mbili, akaitoa ile inayoweza kusimama mbele za watu.

Ndipo nikasimama mimi. Meneja akashangaa. "Machibya? Wewe una nini?"

Nikasema, "Mgongo."

Kasmiri akapiga kelele, "Mgongo gani? Sema unataka kiinua mgongo!" Uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka, kicheko kikanisaidia kuficha uso.

Mgongo wangu haukuwa na kitu.

Niwaambieni sasa. Mnamkumbuka Nyanjige, yule mama wa kijiji cha ng'ambo ya mto, aliyekuwa akisuka mikeka? Alifiwa na mumewe. Ndugu wa mume wakaenda kwa mfumu, mganga wa kienyeji, kupiga ramli, waambiwe nani amemla ndugu yao. Sijui mfumu alisema nini, sikuwepo, na wapo wafumu wema walionipa dawa nikapona, siwezi kuwasema wote. Ninachojua ni kwamba waliporudi walianza kuyatazama macho ya Nyanjige. Yalikuwa mekundu, na macho mekundu kwetu husemwa ni ya mchawi. Alikatwa mapanga mlangoni mwake, tanga la mumewe likiwa halijasahaulika. Habari ilinikuta jineri, zamu ya usiku, msimu umepamba moto. Wenzangu walikuwa wakisimulia huku wanakula. Mmoja akasema, "Lakini macho yake yalikuwa mekundu kweli." Wakatikisa kichwa, wakaendelea kula. Watu wazuri, wanangu. Watu niliofanya nao kazi.

Mimi sikula. Nilikuwa namwona mama yenu.

Mtazameni. Msione haya, mtazameni tu, naye amekwisha kuzoea kutazamwa kwa pembeni. Macho yake yalianza kuwa mekundu Sayi akiwa anatambaa. Kuni hapa Sapiwi hakuna, mnajua. Miti tuliikata ili tulime pamba. Amewapikia ninyi kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, kwenye jiko lisilo na dirisha, mvua na kiangazi. Moshi wa jiko hilo ndio ulioingia machoni mwake. Ugali mlioukulia ulipikwa katika moshi huo.

Na mwaka ule ule, mwezi wa kupalilia, mtoto wa Bujiku alikufa. Usiinamishe kichwa, mdogo wangu, sikutaji ili nikuaibishe. Mhoja alikuwa mtoto wa kila mtu hapa. Homa ilimpanda, degedege ikamchukua, na mchana wa siku hiyo alikuwa amebebwa mgongoni na Esteria. Mtu aliyefiwa na mtoto hawezi kukaa na neno homa peke yake. Anataka jina la mtu. Mimi ningekuwa wewe, sijui ningesema nini. Nilisikia tu kwamba umeacha kula kwetu, na mke wako amehamisha njia yake ya kisimani.

Basi hiyo ndiyo sababu. Msimu wa pamba ulikuwa unanichukua nyumbani miezi mizima, na mama yenu analala peke yake na watoto. Niliwaza, mwanamume akiwa ndani ya nyumba watu hufikiri mara mbili. Niliacha jineri ili nilale nyumbani kwangu. Kazi ya kwanza niliyofanya niliporudi ni kubomoa ukuta wa jiko na kuweka dirisha, nanyi mkanicheka, mwanamume gani anashinda jikoni. Nikampeleka misheni akapewa dawa ya kupaka. Maumivu yalipungua. Wekundu haukuondoka.

Kwa nini sikusema? Ningesemaje? Ningetamka kwamba namlinda mke wangu asiitwe mchawi, ningekuwa mimi wa kwanza kumwita hivyo. Na Kabula alikuwa ndiyo kwanza ameposwa. Huko anakokwenda wangesema mama yake yuko hivi, na yeye atakuwa vivyo hivyo. Nikachagua niitwe mvivu. Maduhu, shule yako ndiyo iliyolipia ukimya huo. Nilijua wakati ule na ninajua sasa. Ningekuwa na njia mbili ningekupa moja.

Nipe maji kidogo.

Sasa sikieni jambo baya zaidi. Nilipokuwa kazini nilikuwa mzima, kila mtu aliniona. Niliporudi nyumbani, haikupita muda nikaanza kukohoa. Nikakonda. Na watu wakapanga maneno yao: alikuwa na afya yake mpaka mke alipomwita nyumbani, anakula chakula chake, analala karibu naye, na tazama anavyoisha. Ile hatua niliyoichukua kumlinda ndiyo imekuwa ushahidi juu yake. Bujiku, hilo ulilisema kwenye pombe kwa shemeji yako, na ulisema nikifa utakwenda kwa mfumu kuuliza. Maneno hayo yalitembea mpaka kwenye kitanda hiki.

Nimewaita kwa sababu hiyo. Natamka ninachokufa nacho, kabla sijafa, ili asitafutwe mwingine wa kutamka. Kifua changu kimejaa vumbi la pamba. Nimelivuta tangu nilipokuwa kijana, milango imefungwa, hewa nyeupe kama ukungu, tukitoka tunatema nyuzi. Daktari wa misheni aliweka chombo chake hapa kifuani, akaniuliza nimefanya kazi gani, na nilipomwambia jineri hakuuliza swali la pili. Athanasi alikohoa hivi hivi mpaka akazikwa. Anatoli anakohoa hivi hivi huko Ipililo. Wake zao macho yao ni meupe kabisa.

Msiende kuuliza, wanangu. Nikishazikwa asiende mtu popote na kuku wa ramli mkononi kuuliza nani amenila. Jibu mmepewa na mgonjwa mwenyewe. Sayi, wewe utalala nyumba hii mpaka utakapooa, na ukioa mke wako atakuja hapa hapa. Maduhu, njoo kila mwisho wa wiki, watu wakuone unapita. Kabula, usiache kuja kwa kuogopa watasema nini. Ukiacha kuja, umesema pamoja nao.

Lakini hayo yote hayatoshi. Najua hayatoshi.

Bujiku. Siku ya kunizika, watu wakishakaa, atasimama ndugu wa marehemu kueleza ugonjwa ulivyoanza na ulivyommaliza. Hiyo ni kazi yako. Maduhu akisema, watasema anamtetea mama yake. Ukisema wewe, ambaye wote wanajua ulichokuwa unakifikiri, hakuna panga litakalonolewa. Nataka nisikie utakavyosema. Sema sasa.

Unasema sijafa bado? Najua kwamba sijafa, ndiyo maana naomba, nikishakufa nitakusikiaje? Msinichekeshe, kucheka kunanikaba.

Usiniambie umesikia. "Nimesikia" tunawaambia hata watu tunaotaka waondoke.

Mwacheni. Maduhu, kaa chini. Mwacheni baba yenu mdogo, analia. Hajawahi kumlilia mtoto wake mbele yetu.

Mdogo wangu, kama una swali, usilipeleke mbali. Mwenyewe amekaa hapa. Muulize.

Sema kwa nguvu, sikio hili mashine ziliniharibia. Unamuuliza nini? Mhoja alikuwaje siku ile... mgongoni... Mjibu, Esteria. Mjibu shemeji yako.

Unasema, Esteria, alikuwa wa moto tangu asubuhi. Ulikuwa unampeleka zahanati. Ukakuta imefungwa, ukageuka naye... Njia nzima alikuwa anamwita baba yake.

Miaka yote hii hukumwambia hilo, Esteria? Hapana, usinijibu. Hakukuuliza.

Basi, Bujiku. Basi, mdogo wangu. Sasa sema. Simama kama utakavyosimama siku ile.

"Kaka yangu ameuawa na vumbi la jineri." Ndiyo. Na baada ya hapo? Usitazame chini, mtazame Esteria.

"Hakuna mtu aliyemuua."

Mmesikia wote. Kabula, umesikia? Utasimulia Zagayu kwa kinywa hicho hicho.

Nichimbieni karibu na mama yangu, kule juu, pasipopita plau. Msinunue jeneza la kuwashinda jirani. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto, na watoto hao wakiumwa awape mlango wa zahanati ulio wazi. Maduhu, akurudishie kwa njia nyingine kile nilichokuchukulia. Sayi... Sayi uwe mpole kwa mama. Esteria, wewe nilikwisha kukuombea, tangu zamani, kila nilipokaa pale jikoni kwako.

Fungueni dirisha. Pumzi yangu inatoka mbali.

Bujiku... lile neno la mwisho. Lirudie, taratibu. Nataka nisinzie nikilisikia.