Hallveig Eyjólfsdóttir, Aliyesoma Udongo wa Lambaheiði

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika katika kanisa la Hvannárdalur leo, Jumamosi tarehe 29 Machi 2025, familia imeniomba niwasomee maisha ya Hallveig kama yalivyoandikwa na mumewe, Ketill Bárðarson.

Hallveig Eyjólfsdóttir alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 katika shamba la Brekka, bonde hili hili, akiwa mtoto wa tatu wa Eyjólfur Hallsson, mfugaji wa kondoo, na mkewe Sesselja, katika wiki ambayo theluji ilifunga njia, mkunga akafika kwa skii na kukuta mtoto amekwisha kuogeshwa.

Alianza shule ya bweni hapa bondeni mwaka 1965, akahitimu sekondari Akureyri Juni 1978, akapata shahada ya jiolojia Reykjavík mwaka 1981 na ya uzamivu Bergen tarehe 14 Novemba 1989, akichunguza jinsi wahamiaji wa kwanza kutoka Norwei walivyoibadilisha ardhi ya Aislandi, na jinsi ardhi hiyo ilivyowabadilisha wao. Alifunga ndoa na Ketill, mchora ramani, tarehe 21 Juni 1986, wakajaliwa watoto wawili, Úlfhildur mwaka 1987 na Ormur mwaka 1991.

Kuanzia mwaka 1990 alifundisha chuo kikuu Reykjavík, na kila kiangazi alirudi kuchimba mashimo Lambaheiði, nyanda za malisho zilizo juu ya bonde hili, akisoma matabaka ya majivu ya volkano, ambayo kila moja mwaka wake unajulikana. Mwaka 1998 alichapisha kitabu kilichosema kwamba msitu wa mibetula wa Lambaheiði ulikwisha kabla ya mwaka 1300, kwa pupa ya watu waliolisha kondoo wengi mno, na wapo hapa bondeni waliolipokea hilo kama tusi kwa babu zao. Hata hivyo, tangu mwaka 2004 alikuwa akiwaomba wafugaji wasipandishe kondoo Lambaheiði kwa miaka kumi na mitano, ili mibetula irudi na udongo uache kupeperushwa na upepo, na hilo ndilo alilolitaka kuliko cheo chochote. Kura ya wafugaji juu ya ombi hilo ilipangwa Oktoba 2009.

Julai mwaka huo, akichimba shimo jipya, aligundua kwamba katika mteremko aliouchimba zamani tabaka la mwaka 1300 lilikuwa limeoshwa na maji, na lile jeusi lililofunika mabaki ya msitu, alilolihesabu kuwa ndilo, lilikuwa la mwaka 1477. Ketill, ambaye ndiye aliyeshika mkanda wa kupimia siku ya kosa lile naye asione kitu, alimshauri asubiri kura ipite kwanza, kisha asahihishe katika jarida la wataalamu. Hallveig alikataa, na katika hili Ketill ndiye aliyekosea.

Tarehe 12 Septemba 2009, siku ya kutenganisha kondoo walioteremshwa kutoka milimani, bonde zima likiwa zizini, alipanda juu ya ukuta wa mawe akaeleza kosa lake. Þorbergur Illugason wa Hóll, akiwa amemshika kondoo dume pembe, alimuuliza, “Hallveig wangu, yaani miaka kumi na mmoja umewatukana babu zangu kwa sababu ulikosea kuhesabu?” Akajibu, “Ndiyo, Þorbergur.” “Na sasa unataka tukuamini?” “Usiniamini mimi, njoo na beleshi lako.”

Jumatatu Þorbergur alikwenda, na wengine saba, wakachimba wenyewe, wakaona kwamba msitu ulidumu karibu miaka mia mbili zaidi, na Hallveig akawasomea hati ya kale ya kanisa hili, inayoonyesha kwamba mababu waliwekeana idadi ya kondoo kwa kila shamba, maana yake walijua madhara, na waliweza kujizuia. Kura ilipita kwa mikono kumi na miwili dhidi ya tisa. Þorbergur alikuwa kati ya wale tisa, akasema, “Tabaka nimeliona, lakini kondoo wangu hawali matabaka.”

Tarehe 6 Novemba 2024 Hallveig alibainika kuwa na saratani ya kongosho. Muda wa makubaliano ulikuwa unamalizika, mibetula imefika kiunoni, vijito vimerudi kuwa safi, na hofu yake moja ilikuwa kwamba kondoo watapandishwa tena. Tarehe 8 Machi 2025 wafugaji walipiga kura ya miaka ishirini mingine, na Þorbergur akapiga simu hospitalini, “Ketill, mwambie mikono yote imepanda, hata wangu, ila asijivune, bega linaniuma.” Hallveig alicheka mpaka muuguzi akaingia, kisha akasema, “Mwambie waandike kwenye daftari la kikao, na tarehe.” Wameandika.

Alifariki tarehe 19 Machi, akiwa na miaka 67 na siku kumi na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Akureyri, wenzake wa chuo kikuu, na majirani waliowalisha kondoo wa familia shambani Brekka majira yote ya baridi bila kuombwa. Baada ya mazishi kuna kahawa na nyama ya kondoo ya moshi ukumbini, na wanaotaka kupanda Lambaheiði wavae viatu vya matope.

Hallveig, mke na mama yetu, umemaliza kuchimba, sasa pumzika kwa amani katika udongo uliousoma.