Kadi Iliyobadili Jina Kisiwani

Nyuma ya ofisi yetu ya mitandao hapa Suva kuna benchi, na juu yake mafundi wenye majibu ya kila kitu. Bakuli la kava, kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili, huwahi kutoka siku mambo yakiharibika, na leo yameharibika kweli. Waya, ambaye hutapika akiiona meli tu, kaiboresha kompyuta ya zahanati ya kisiwa cha Vatulevu kwa njia ya mtandao akiwa kakaa hapahapa. Akaizima, akaiwasha, ikapotea hewani. Kadi ya mtandao iliyoitwa eth0 imeamka inaitwa ens3, na mipangilio yote bado inamwita marehemu eth0. Sasa muuguzi wa kule, ambaye hata simu yake hupita humohumo, hawezi kumpata daktari.

— Si kosa langu! — Waya alipiga kofi moja, kama ilivyo desturi kabla ya kunywa, akamaliza kifuu cha kava. — Jana eth0, leo ens3. Mwacha asili ni mtumwa!

— Kadi imeibwa hiyo, — akasema Mkuu, ambaye hajawahi kuwa mkuu wa chochote.

— Aibe nani kule, bwana? Mbuzi?

— Basi ni wenye programu. Wanabadili majina ili tununue kadi mpya. Chema chajiuza!

Kasisi, fundi mwenzetu tuliyempa jina hilo kwa kupenda kuhubiri, alicheka kwa dharau. — Hamna adabu nyie. Kijiji cha watu unaingia bila kumpelekea mzee wao mzizi wa kava? Umepita kwenye nyaya kama mwizi, Waya. Mizimu imekasirika, ikaibadili kadi jina.

— Mizimu inajua ens3?

— Wafu wanajua yote, mwanangu.

Tukacheka mpaka machozi. Mama Litia, anayetuuzia mihogo, alikuwa kasimama nyuma yetu na hakucheka. Binti yake yuko Vatulevu, mimba imetimia.

— Wanangu, hilo jina jipya mnalijua?

— Tunalijua, mama.

— Kuliandika ni kazi kubwa?

— Dakika moja tu! — Waya akatamba. — Ila mtu awe mbele ya mashine yenyewe.

— Meli ya kule inang'oa nanga saa saba mchana huu. Nani anapanda?

Mkuu akakumbuka mgongo wake. Kasisi akaanza, «Mwenda tezi na omo...», akaishia hapo. Waya akainamia bakuli kujichotea, na kava ilikuwa imekwisha.