Mara Ishirini na Sita: Maisha ya Mama Modesta Chenge

Baba Paroko, wazee wetu, majirani na ndugu mliofika hapa Kahangara, poleni na msiba. Wanaostahili shikamoo nawaamkia. Naitwa Paskazia Chenge, mdogo wake Marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Kamati ya mazishi ilikwisha kuandika wasifu wa nusu ukurasa na ilikuwa tayari kuupeleka kwa mchapaji bila mimi kuuona. Niliuona juzi asubuhi. Ulisema kwamba katika miaka yake ya mwisho Marehemu "alisumbuliwa na tatizo la kusahau, akawa anasoma kitabu kile kile kila mara akidhani ni kipya." Nimeufuta wote. Huu mnaousikia, ulio pia kwenye karatasi mlizoshika isipokuwa machache nitakayoyaongeza hapa, nimeuandika mimi, na atakayekasirika anitafute baada ya chakula.

Marehemu Modesta Chenge alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 hapa hapa Kahangara, wilaya ya Magu, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Paulo Chenge na Mama Ng'washi, wakulima wa pamba. Jioni mama alikuwa akitusimulia hadithi huku tunachambua dagaa. Sisi wengine tulidai hadithi mpya. Modesta alidai ya jana, na mama akikosea hata rangi ya ng'ombe, Modesta alimrudisha nyuma mpaka ng'ombe awe mwekundu kama alivyokuwa. Mama alisema mtoto huyu atakuja kuwa hakimu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1959 na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1966. Siku ya kuagana, mtawa mmoja aliyekuwa akiwafundisha alimpa kitabu chenye jalada la kijani. Kilikuwa hadithi ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kando ya reli, aliyempokea mgeni asiyetaka kutaja jina lake. Modesta alikimaliza kwa siku mbili, akageuza, akaanza upya. Baba alimuuliza kama hakukielewa. Akajibu, "Nimekielewa, baba. Ndiyo maana nataka kurudi." Nyuma ya kitabu, kwenye ukurasa mweupe, akaandika tarehe aliyokimaliza. Desturi hiyo hakuiacha maisha yake yote. Kila alipomaliza kitabu aliandika tarehe, mahali alipokuwa, na neno moja au mawili kuhusu jambo lililomtokea siku zile.

Alisomea ukunga kuanzia mwaka 1968 hadi 1970, na mwaka 1971 aliajiriwa katika zahanati moja kule Nansio. Baadaye alihamishiwa mjini Mwanza, upande wa Nyamagana, akafanya kazi mpaka alipostaafu tarehe 14 Agosti 2011. Huo ni utumishi wa miaka arobaini. Mwezi alioanza kazi siujui, na watoto aliowapokea kwa mikono yake siwezi kuwahesabu, kwa sababu nitakayoisema muda si mrefu. Katika miaka hiyo ya kazi alikwisha kuwa na vitabu vinne: cha kijani, chekundu, cha kahawia, na kimoja kisicho na jalada. Zamu ya wazazi ni kusubiri, na Marehemu alisubiri akiwa na kimojawapo mapajani. Wauguzi wenzake walimletea vipya, akashukuru na kuvirudisha. Aliniambia kitabu kipya hakifai wodi ya wazazi, maana mama akilia ukalazimika kukifunga, roho inabaki kwenye kitabu. Kile unachokijua unakifunga bila uchungu, unakwenda kumpokea mtoto, unarudi unawakuta watu wako wamekaa pale pale ulipowaacha.

Chekundu kilikuwa cha upelelezi. Mimi nilimcheka, nikamwambia, "Dada, muuaji si unamjua?" Akasema kumjua ndiko kunakonoga, kwa sababu sasa anamwona anavyowakaribisha watu chai kwenye ukurasa wa tisa, na anaona aibu kwa niaba yake. Kuhusu cha kijani alisema mara ya kwanza alimhurumia mgeni. Ilipofika mara ya tano akamhurumia mwenye nyumba. Kufikia mara ya kumi na tano alikuwa anamhurumia mpishi, na mpishi ana mistari minne tu katika kitabu kizima. Huyo ndiye mtu ambaye kamati iliandika kwamba amesahau.

Ndoa yake nayo ilitokana na kitabu. Mwezi Machi 1973 fundi umeme kijana aitwaye Jonathan Shimba alikwenda kutengeneza taa za zahanati, akamkuta anasoma cha kijani. Mwezi Agosti alirudi, akamkuta na cha kijani. Alimwambia rafiki yake kwamba yule muuguzi ni mzuri sana, ila masikini anasoma polepole, yuko kwenye kitabu hicho tangu Machi. Akaenda kujitolea kumsaidia maneno magumu. Marehemu alimwacha amfundishe wiki tatu nzima ndipo akamwambia ukweli. Walifunga ndoa takatifu tarehe 12 Oktoba 1974, na shemeji yetu alitangulia mbele ya haki mwaka 2009. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza ni Nathaniel, wa pili ni Winnie. Wa tatu alikuwa wa kike, akapewa jina la bibi yake, Ng'washi, na aliishi siku tisa. Siku aliyozaliwa na siku aliyokufa ziliandikwa nyuma ya kitabu chekundu. Hazikuandikwa mahali pengine popote.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tarehe 3 Februari 2022 Marehemu alipatwa na kiharusi akiwa kwa mwanawe Nathaniel kule Nyegezi, alikokuwa anaishi tangu awe mjane. Alilazwa wiki tano. Nathaniel, ambaye ni mwanangu pia na ninampenda, aliamua kumwandalia mama yake chumba kizuri. Akapaka rangi, akabadilisha kitanda, akatundika televisheni ukutani. Chini ya kitanda cha zamani akakuta sanduku la bati lenye vitabu vinne vilivyochakaa. Akavifunga kwa kamba, akampelekea mama anayeuza karanga na maandazi karibu na stendi ya mabasi, atumie karatasi zake kufungia biashara. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu kabisa, "Mama mdogo, si alikwisha kuvisoma? Vyote. Tena mara nyingi. Nimemnunulia kipya."

Ni kweli alimnunulia kipya. Kilikuwa cha kumfundisha mtu jinsi ya kufanikiwa maishani, na aliyenunuliwa alikuwa na miaka sabini.

Simsemi Nathaniel peke yake. Sisi sote tumelelewa tukijua kitabu ni cha mtihani, ukifaulu unamwachia mdogo wako. Hakuna mtu hapa anayekula wali Krismasi hii na Krismasi ijayo akasema wali alikwisha kuula. Kanisani tunaimba nyimbo zile zile tangu ubatizo na hatuchoki. Wanaume hapa wanatazama goli la mwaka juzi kwenye simu, wanaruka kama limefungwa sasa hivi, na hakuna anayewapeleka hospitali kupimwa kichwa. Mwanamke mmoja akirudia kitabu ndipo tunaitisha kikao cha ukoo. Nimekasirika, na nimekasirika kwa miaka mitatu, na leo nimepewa kipaza sauti.

Marehemu aliporudi nyumbani tarehe 10 Machi 2022, aliinama kwa taabu akatazama chini ya kitanda. Hakulia. Aliomba apelekwe stendi. Nilimshika mkono, tukaenda polepole na fimbo yake. Muuza karanga ni huyu mama aliyekaa mstari wa tatu, mwenye ushungi wa bluu, anaitwa Nusrat.

"Shikamoo mama," Nusrat akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyepewa vitabu na Nathaniel?"

"Ndiyo, mama. Niliambiwa ni vya kutupa."

"Vimebaki?"

Nusrat akatutazama sisi wawili, nadhani akaelewa. Akafunua kitambaa chini ya beseni la maandazi, akatoa cha kijani, kizima.

"Vile vitatu nimevimaliza, mama, sitakudanganya. Watu wamebebea karanga. Hiki ndicho nilishindwa kuchana. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikisubiri wateja, sasa nimefika mgeni anataka kutaja jina."

Dada yangu, ambaye mdomo ulikuwa bado mzito kwa ugonjwa, alicheka. "Usiharakishe hapo," akamwambia. "Kimalize, halafu uniletee nyumbani. Tutakisoma pamoja."

"Nikikimaliza si nitakuwa nimekimaliza?"

"Ukikimaliza utakuwa umeijua njia. Ndipo utaweza kutazama pembeni."

Njiani kurudi alisimama mara moja tu, tukiwa karibu na geti. Akaniambia, "Paskazia, kile chekundu kilikuwa na mtoto wangu ndani." Kama katika miaka hii mtu yeyote wa Nyegezi alinunua karanga akakuta kwenye karatasi maandishi ya mkono ya wino wa bluu, na kwa bahati hakuitupa, tafadhali aje aniambie. Najua hayupo. Nimeona nitamke hata hivyo.

Tangu siku ile Nusrat alikuja kila Jumapili alasiri kwa miaka mitatu, akamsomea Marehemu, ambaye jicho moja lilikuwa limeshindwa. Hakulipwa na hakuomba. Kitabu kikiisha walianza tena. Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani, kwamba mama anarudia, mama kumbukumbu zimeondoka, na wageni wakawa wanaambiwa mlangoni wasishangae. Mimi nilikaa kwenye chumba kile Jumapili nyingi kuliko wote mliosaini ule wasifu wa kwanza. Nilimwona Marehemu akianza kucheka kabla Nusrat hajafika kwenye kichekesho. Aliyesahau hucheka baada ya kusikia. Nusrat aliporuka mstari, kwa uchovu wa kusimama tangu alfajiri, Marehemu alimwambia arudi, kama alivyomrudisha mama yetu kwa ng'ombe mwekundu. Alikuwa na akili zake zote, na alikuwa na furaha, na furaha yake ndiyo tuliyoiita ugonjwa.

Mwezi Aprili mwaka huu, 2025, alipatwa na kiharusi cha pili. Madaktari walifanya walichoweza, kisha wakamruhusu arudi nyumbani. Jumapili tarehe 11 Mei Nusrat alimaliza kumsomea kitabu, na kwa Marehemu hiyo ilikuwa mara ya ishirini na sita tangu mtawa ampe. Marehemu hakuweza kushika kalamu. Alimwonyesha Nusrat ukurasa wa nyuma, Nusrat akaandika tarehe, akauliza aongeze neno gani. Marehemu akasema kwa shida, "Mpishi." Tuliokuwepo tulielewa. Kisha akamwambia, "Inayofuata uandike yako." Alifariki Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Jana mchana kwenye kikao Nathaniel alisimama akasema kitabu cha kijani kiwekwe ndani ya jeneza pamoja na mama yake. Alikuwa analia, na najua alikuwa anaomba msamaha kwa namna aliyoiweza. Wajumbe wote wakakubali. Mimi nilikataa, nikakichukua mezani, na usiku wa kuamkia leo kimelala chini ya mto wangu. Mwanangu, vitatu ulivitoa ukidhani vimekwisha, na hiki cha nne ulitaka kukizika kwa sababu hiyo hiyo. Hakijaisha. Ukitaka kumwomba mama yako msamaha, Jumapili ijayo saa tisa alasiri uwepo nyumbani, uzime televisheni, ukae, usikilize. Utaona mara ya kwanza utamhurumia mgeni.

Marehemu ameacha watoto wawili, Nathaniel na Winnie, wajukuu watano wakiongozwa na Queen, mdogo wake mmoja ambaye ni mimi, na watoto wa Nansio na Nyamagana ambao idadi yao ilikuwa ndani ya kitabu cha kahawia. Ametanguliwa na wazazi wetu, kaka yetu mkubwa Antoni, mume wake Jonathan, na binti yake Ng'washi wa siku tisa, ambaye tarehe zake sasa anazijua yeye na mama yake. Ameacha pia kitabu kimoja chenye tarehe ishirini na sita nyuma yake. Nusrat, njoo hapa mbele ukipokee.

Baba Paroko, muda si mrefu utatuongoza kumwombea dada yangu mwanga wa milele. Mimi nitaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Nitakuwa namwombea mwanga wa kutosha kusomea, na mahali tulivu ambapo hatatokea mtu wa kumuuliza kama hajamaliza.